Nani Analipia Ukimya wa Mafia?

Kisiwa cha Mafia kinauzwa kwa orodha ya vitu ambavyo hakina. Hakina foleni za magari, hakina disko la ufukweni, hakina vijana wa kukuandama mchangani wakikunadia shanga na safari ya pomboo. Wauza safari wanakiita kisiwa kisichoguswa, na picha zao hazidanganyi. Fungu la Marimbani, maji yakipwa, ni mchanga mweupe mtupu katikati ya bahari, na mtu anaweza kukaa hapo mpaka maji yaanze kurudi bila kuona sura nyingine ila ya nahodha aliyemleta. Kule Kanga na Bweni, kaskazini ya kisiwa, ukikutana na mtu ufukweni basi ni mvuvi anayeshona wavu wake au watoto wanaotoka kuokota chaza.

Ninachopinga ni maelezo yanayofuatana na picha hizo, kwamba kisiwa kiko kimya kwa sababu maumbile yalikiweka hivyo na dunia ikakisahau. Ukimya wa Mafia una sababu. Sababu hizo zina miaka yake, na zina watu waliozigharamia kwa nyavu, kwa nauli, na wakati mwingine kwa afya zao. Tunauza matokeo bila kuwahesabu watu hao, na kwa mwendo huo sioni kama tutaendelea kuwa na cha kuuza.

Tuanze na njia, maana ndiyo sababu kubwa. Mgeni mwenye fedha hupanda ndege ndogo Dar es Salaam, na kabla hajamaliza kupiga picha za midomo ya Rufiji kutoka dirishani ameshashuka Kilindoni, mji mkuu wa kisiwa. Safari yote ni kama nusu saa. Mwenyeji anaanzia Mbagala Rangi Tatu. Anapanda basi hadi Nyamisati, wilayani Kibiti, ukingoni mwa delta, kisha anasubiri chombo. Kipo kivuko cha Serikali, MV Kilindoni, na zipo boti za watu binafsi, na hali ni nafuu kuliko zama za majahazi na mashua, ambapo safari ilipangwa na upepo na maji kujaa. Hata hivyo bahari ndiyo yenye kauli. Kusi likikaza chombo hakitoki, na aliyekuja na jeneza, aliyekuja na mtoto mgonjwa na aliyekuja na magunia ya vitunguu wote wanalala Nyamisati.

Saruji, mabati, unga, dawa, vyote vinavushwa kabla ya kuuzwa, na gharama ya kuvuka imo ndani ya bei. Umeme wenyewe umekuwa ukizalishwa hapohapo kisiwani kwa mitambo ya mafuta kwa miaka mingi, kwa kuwa gridi ya taifa iliishia bara. Mgonjwa wa rufaa lazima avushwe. Umbali huohuo ambao mgeni anaulipia ili asisikie honi, mwenyeji anaulipia ili apate sukari.

Wapo wanaosema, tena ni watu wanaokipenda kisiwa kweli, kwamba usafiri ukiboreshwa sana Mafia itaharibika. Sikubaliani nao hata kidogo. Hakuna hoja itakayohalalisha mama mjamzito kukwama gatini ili mtalii apate ufukwe usio na watu. Kama ukimya hauwezi kudumu ila kwa mwenyeji kuteseka njiani, basi na uondoke. Lakini sidhani kwamba ndivyo ulivyo. Kivuko hakiharibu kisiwa. Kinachoharibu ni namna ardhi ya ufukweni inavyogawiwa, na hilo nitalirudia.

Kwanza hiyo habari ya kutoguswa. Mtu aliyefika Kua hawezi kuitamka bila aibu. Kua ni magofu yaliyoko kisiwa jirani cha Juani: misikiti, jumba la mtawala, makaburi, kuta za matumbawe na chokaa zilizobanwa na mizizi. Wasakalava walivuka kutoka Bukini, ndiyo Madagaska ya leo, wakauvamia mji huo mwanzoni mwa karne ya 19, wakaua na kuteka watu, na haukuinuka tena. Kabla yake kulikuwa na Kisimani, upande wa magharibi wa kisiwa kikubwa, mji wa enzi za masultani wa Kilwa ambao sehemu yake kubwa imeshaliwa na bahari. Wazee husimulia kwamba watu wa Kisimani waliwalaza watoto wa Kua mchangani wakashushia jahazi juu yao, na kwamba Kua walivumilia miaka kadhaa kisha wakawaalika Kisimani harusini, wakawafungia ndani ya chumba na kuuziba mlango kwa mawe. Iwe kweli au isiwe, watu wasio na historia hawatungi simulizi ya namna hiyo.

Baada ya Kua ikaja Chole, kisiwa kingine kidogo jirani, na mashamba ya minazi ya Waomani, yaliyolimwa na watumwa. Mwaka 1890, Wajerumani na Waingereza walipogawana pwani yetu, Mafia iliangukia kwa Wajerumani. Boma lao lilikuwa Chole mpaka 1913 walipolihamishia Kilindoni. Januari 1915 Waingereza wakakiteka kisiwa, wakakigeuza kituo cha kuiwinda manowari ya Kijerumani Königsberg iliyokuwa imejificha kwenye mifereji ya Rufiji. Ndege zilizoruka kutoka Mafia ndizo zilizoongoza mizinga mpaka meli ile ikamalizwa Julai mwaka huohuo. Mwaka 1922 Mafia ikaingizwa rasmi Tanganyika. Kisiwa kilichopitia mambo hayo kimeguswa kuliko miji mingi ya bara. Kilichofuata ni kwamba biashara ilihama na nazi ikapoteza heshima yake sokoni, na gati likabaki na majahazi machache. Utulivu anaoukuta mgeni leo ni wa mahali palipopungukiwa na kazi.

Sababu ya pili ni sheria, na hapa ndipo panapohitaji kukaa kidogo.

Kufikia miaka ya 1980 na mwanzo wa 1990, miamba ya Mafia ilikuwa inapigwa baruti. Mlipuko mmoja unaua samaki wakubwa na wadogo kwa pamoja na kuvunja matumbawe yaliyochukua umri wa binadamu kadhaa kukua. Kulikuwa pia na juya linalokokotwa chini na kuzoa kila kitu, na uchimbaji wa matumbawe ya kuchoma chokaa. Wavuvi wa visiwani wenyewe walikuwa miongoni mwa waliolalamika, hasa juu ya vyombo vya kutoka nje vilivyokuja, vikalipua, vikaondoka. Mwaka 1994 Bunge likatunga Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu, na mwaka 1995 Mafia ikawa hifadhi ya bahari ya kwanza nchini, kilometa za mraba 822, ikichukua kusini na mashariki ya kisiwa pamoja na Chole, Juani na Jibondo.

Tofauti yake na mbuga kama Serengeti ni kwamba watu hawakuhamishwa. Vijiji vimo ndani ya hifadhi. Bahari ikagawiwa kanda: kanda za msingi ambamo kuvua ni marufuku kabisa, kanda ambamo wenyeji tu wanaruhusiwa na kwa zana zilizotajwa, na kanda za matumizi ya jumla. Kwenye ramani ni mpango mzuri. Baharini maana yake ni kwamba sehemu ya Ghuba ya Chole, ambako baba na babu walikuwa wakitia mshipi, sasa haitiwi mshipi. Miamba bora kwa samaki ndiyo miamba bora kwa macho, kwa hiyo pale mvuvi alipokatazwa kushusha ndoana, mpiga mbizi anaruhusiwa kushuka kwa ada. Juya lilipigwa marufuku. Hifadhi ikaleta utaratibu wa kubadilishana, urudishe wavu wa macho madogo upewe wa macho makubwa. Wengine walifaidika. Wengine waliona wamenyang'anywa zana wanayoijua na kupewa inayohitaji chombo kikubwa zaidi na maji ya kina zaidi.

Jibondo iliukataa utaratibu huo waziwazi, na kwa muda mrefu jina la kisiwa hicho limetajwa ofisini kama jina la watoto watukutu. Mimi naona Jibondo walikuwa na hoja. Ni mwamba mtupu wa matumbawe wenye udongo haba. Kulima ni taabu, na kwa miaka mingi maji ya kunywa yalikuwa yakivushwa kwa mashua. Wanachokijua kuliko wote ni kuunda vyombo na kuvua. Ukimwambia mtu wa Utende, kijiji cha kisiwa kikubwa, apunguze uvuvi, ana minazi, ana kazi ya hoteli, ana shamba la mihogo. Ukimwambia wa Jibondo hivyo hivyo, umemwambia apunguze kula. Sheria moja ilitua juu ya watu wenye hali tofauti, na walioumia zaidi wakaitwa wakaidi.

Nasema haya nikiwa mtetezi wa hifadhi. Bila ile sheria, sina shaka miamba ya Chole ingekuwa kifusi. Na hata sheria ina mpaka wake: mwaka 1998 maji ya bahari yalipopanda joto, sehemu kubwa ya matumbawe ya Tutia, ndani kabisa ya eneo lililolindwa, yalipauka na kufa, wala hakuna askari wa doria aliyeweza kulikamata joto. Lakini mwamba uliopumzishwa uvuvi una nafasi ya kupona kuliko uliochoka, na huko kupona ndiko mgeni anakokuja kukutazama. Kwa maneno mengine, yule mvuvi aliyeacha ni mshirika katika biashara hii. Ameweka mtaji. Swali ni faida yake iko wapi.

Kila mgeni anayekwenda Utende husimama kwenye geti la hifadhi na kulipa ada kwa kila siku atakayokaa, wa nje kwa dola na Mtanzania kwa shilingi, kiasi kidogo tu. Ningependa kuona jambo jepesi: jumla ya ada za mwaka, na fungu la kila kijiji, vibandikwe kwenye ubao wa ofisi ya kijiji, kwa tarakimu, pale ambapo mama anayetoka kukausha pweza anaweza kusimama akasoma. Mtu akijua kwamba wageni kumi wa Agosti ni madawati mangapi ya Jibondo, hutamhitaji askari wa boti kumweleza kwa nini mwamba umefungwa.

Na mifano ya hesabu ya namna hiyo ipo kisiwani humohumo. Chole kuna hoteli ndogo yenye vyumba vilivyojengwa juu ya miti, ambayo tangu miaka ya 1990 ilikubaliana na kijiji kukitolea kiasi fulani kwa kila usiku wa mgeni. Juani, kasa wanapandisha kutaga upande wa bahari kuu, na zamani kiota kilikuwa mayai ya kula. Shirika la Sea Sense, lililoanzia kazi yake Mafia mwaka 2001, liliwafanya wanakijiji wenyewe kuwa walinzi: anayegundua kiota na kukitunza mpaka mayai yaanguliwe hupata malipo, na wageni wanaokwenda kuona vitoto vikikimbilia majini hulipa ada ambayo sehemu yake inabaki kijijini. Mlinzi wa kiota anaijua tarehe yake ya kuanguliwa kama mtu anavyoijua tarehe ya mshahara. Sioni haja ya kuelezea zaidi kwa nini hilo linafanya kazi.

Sasa nije kwa potwe, kwa sababu ndiye anayeonyesha udhaifu wa mpango wote.

Papa potwe ndiye samaki mkubwa kuliko wote duniani. Hana habari na watu. Hula vijidudu na uduvi mdogo anaouchuja kwa mdomo wazi. Kati ya Oktoba na Machi, kaskazi linapotawala, hukusanyika karibu kabisa na Kilindoni, wakati mwingine umbali wa kumwona kutoka nchi kavu. Ni wachache sana wa aina yake duniani wanaokaa mahali pamoja hivyo. Watafiti waliowafunga vifaa vya kutoa mlio waligundua kwamba wengi wao hawaondoki hata msimu ukiisha, ila husogea nje kidogo na kuzama kwenye kina ambako boti za watalii haziwaoni. Kwa maneno ya kijijini, potwe wa Mafia ni mwenyeji, si mgeni wa msimu.

Mgeni anayetoka Ulaya anaweza asilijue jina la Chole wala la Kua, ila potwe amemwona kwenye simu yake. Ndiye anayejaza ndege za Desemba. Na huyu potwe haishi ndani ya hifadhi. Mipaka ile ya kilometa 822 iko kusini na mashariki. Yeye yuko magharibi, mbele ya Kilindoni, kwenye maji yaleyale wanamotandaza nyavu wavuvi wa dagaa. Anafuata kilekile wanachokifuata dagaa, kwa hiyo wanakutana kila msimu. Mara nyingine, usiku, nyavu zinamzunguka. Kinachomwokoa usiku huo ni mikono ya wavuvi: wanashusha kamba, wanamwachia njia, na wakati mwingine wanapoteza sehemu ya samaki waliokuwa wamewazungushia. Hawalipwi kwa hilo. Asubuhi yake boti ya utalii inampeleka mzungu kuogelea na mnyama yuleyule, na nahodha, mwongozaji, mwenye boti na hoteli wote wanapata chao.

Ukilitafakari hilo utaona kwamba biashara kuu ya utalii wa Mafia inasimama juu ya hisani ya watu ambao hawamo kwenye biashara hiyo. Hisani inaweza kuchoka. Mwaka dagaa wakiadimika, au wavu ukigharimu zaidi, mvuvi hatakuwa na sababu ya kuukata au kuulegeza kwa ajili ya mnyama wa mtu mwingine. Nimewasikia wanaopendekeza mpaka wa hifadhi usogezwe ufike Kilindoni. Naogopa dawa hiyo. Ni kurudia kosa walilofanyiwa Jibondo, safari hii kwa watu wengi zaidi. Afadhali kila tiketi ya potwe iwe na fungu la fidia kwa wenye nyavu, lisimamiwe na BMU yao wenyewe, yaani kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufukwe, ili anayemfungulia potwe njia alipwe wavu wake kesho yake. Na boti zihesabiwe. Samaki mmoja kuzungukwa na boti nne, kila moja ikimwaga watu wanane majini, si utalii wa kisiwa kimya.

Turudi kwa ardhi. Nungwi na Paje kule Zanzibar hazikujaa kwa sababu ya boti za Dar es Salaam. Zilijaa kwa sababu kiwanja cha ufukweni kiligawiwa kimoja baada ya kingine bila mtu kukaa chini na kuuliza maji taka yatakwenda wapi, kisima cha kijiji kitabaki na nini, na ngalawa zitapandishwa wapi. Zanzibar ilipokea wageni wa kimataifa zaidi ya 700,000 mwaka 2024, na sidharau ajira zilizotokana nao. Kuna familia nzima za bara zinazoishi kwa mishahara ya Kiwengwa. Lakini Mafia haina upana wa kufanya jaribio hilo. Kisiwa kikubwa kina urefu wa kama kilometa 50 tu, na maji ya visima ni ya kuhesabu.

Sheria tunayo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa bahari. Kwenye kisiwa ambacho ufukwe ndio barabara ya watembea kwa miguu, ndio karakana ya vyombo na ndio uwanja wa mpira maji yakipwa, meta hizo 60 ni uti wa mgongo. Uzio wa kwanza utakaoshuka mpaka mchangani bila kuulizwa ndio utakaotuambia Mafia inaelekea wapi. Mgeni naye atambue hili: ufukwe mtupu anaousifu una wenyewe, na mvuvi anayepita mbele ya kiti chake cha kuotea jua hajavamia mahali.

Kuna njia nyingine ya kuuza ukimya, nayo tayari ipo. Shungimbili ni kisiwa kidogo magharibi ya Mafia, eneo tengefu kisheria, na kimepangishwa kwa mwekezaji aliyejenga nyumba moja ya fahari. Anayekuja hukodi kisiwa kizima yeye na watu wake, kwa maelfu ya dola kwa usiku. Watetezi wake wana hesabu nzuri: mgeni mmoja wa namna hiyo analipa kuliko mia wa kawaida, na anachafua kidogo. Kwa mazingira huenda wako sahihi. Kinachonisumbua ni kwamba mfano ukipendwa sana, visiwa vidogo vyote vitakuwa vya kukodi, na mtoto wa Kilindoni atakua akivitazama kwa mbali kama nyumba ya jirani asiyefungua mlango. Kimoja, sawa. Mkataba wake ukiwa wazi, sawa zaidi. Kisiwa cha pili nitakipinga.

Kundi ninalolikosa katika mazungumzo haya yote ni sisi wenyewe. Mtanzania wa Dar anajua Zanzibar, anajua Bagamoyo, na Mafia anaisikia kama nchi ya mbali. Ilhali kwa nauli ya basi na boti, na chumba cha gesti Kilindoni chenye feni na chandarua, anaweza kukaa siku kadhaa kwa gharama ya wikiendi moja ya hoteli za Kigamboni. Atakula pweza wa nazi na mkate wa kumimina kwa mama ntilie, fedha yake itaingia mkononi mwa mtu na kubaki kisiwani. Asiende wakati wa masika, Machi mpaka Mei, barabara za ndani zinakuwa matope na hoteli nyingi zinafunga; Mei 2024 kimbunga Hidaya kilikuja hadi Mafia kikiwa kinapungua nguvu, na hata hivyo hakikuacha mabati yote mahali pake. Aulize maji kabla ya kupanga siku. Bamvua likiwa kubwa, Ghuba ya Chole hukauka mpaka boti zikalala ubavu, na aliyekuja kwa picha ya buluu atakuta tope, mikoko na kaa. Akipita kijijini ajisitiri, avae khanga au kikoi juu ya nguo ya kuogelea. Ni kisiwa cha Waislamu, watu ni wapole kiasi cha kutomkemea mgeni, na upole huo usichukuliwe kuwa ni idhini. Popo wakubwa wa Chole, wa jamii ya Komoro, awatazame jioni wanaporuka kwenda kula, asiwapigie kelele mchana ili wapeperuke kwa ajili ya video.

Na akipata nafasi avuke mpaka Jibondo. Hakuna hoteli huko, na fukwe zake si za kalenda. Kuna mafundi wanaounda jahazi bila mchoro wa karatasi, na kuna wazee watakaomweleza mambo ya hifadhi kwa mtazamo ambao hatausikia kwenye geti la Utende. Alipie mashua, alipie chakula, anunue alichokikuta.

Bajeti za halmashauri hupangwa mapema mwaka, miezi kadhaa kabla ya potwe kurudi Oktoba. Diwani wa Mafia anayesoma makala haya ana muda wa kutosha kuuliza mambo mawili kwenye kikao: ada za getini mwaka uliopita zilikuwa shilingi ngapi na kila kijiji kilipata ngapi, na nani ana mamlaka ya kuhesabu boti zinazomzunguka potwe mbele ya Kilindoni. Akipewa majibu ayabandike.